UZI: SQL ileile inajibu mara moja kwenye psql, lakini nikiipitisha kwenye ORM inakuwa nzito. Muda unapotelea wapi?

#1 FundiWaVwawa

Wakuu, salaam.

Ninatunza mfumo wa chama cha msingi cha ushirika hapa Mbozi, ulioandikwa kwa Django (fremuweki ya Python) juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kila mkulima anapoleta kahawa, karani anaingiza kilo, daraja na muda wa mapokezi. Mwisho wa wiki mhasibu anahitaji ripoti moja tu: kwa kila mkulima, mapokezi yake ya mwisho pamoja na jumla ya kilo zake tangu msimu ulipofunguliwa.

ORM, yaani sehemu ya Django inayogeuza msimbo wa Python kuwa SQL, ilikuwa ikiitoa ripoti hiyo polepole, kwa hiyo nikaandika SQL mwenyewe na kuipitisha kwenye raw(), njia ya Django ya kupokea SQL ghafi:

SELECT DISTINCT ON (m.mkulima_id) m.id, m.mkulima_id, k.jina, m.muda,
SUM(m.kilo) OVER (PARTITION BY m.mkulima_id) AS jumla
FROM mapokezi m JOIN mkulima k ON k.id = m.mkulima_id
WHERE m.muda >= %s
ORDER BY m.mkulima_id, m.muda DESC

Ndani ya psql, dirisha la amri la PostgreSQL, inajibu mara moja. Nikiipitisha kwenye raw() na kuionyesha kwenye ukurasa, inachukua muda mrefu kuliko hata ile ya mwanzo. Hifadhidata ni ileile na data ni ileile. Mwenzangu kazini anasema huo ni ushahidi kwamba SQL ghafi haina nafasi ndani ya ORM, na kwamba tuiondoe yote. Mimi sikubaliani naye, lakini ninataka kumjibu kwa hoja na si kwa ubishi. Naomba maoni yenu.

#2 BintiRungwe

Kabla ya kuilaumu hifadhidata, tuonyeshe kiolezo (template) cha ukurasa wako kinaita nini. Katika SQL yako umechagua id, mkulima_id, jina, muda na jumla. Hukuchagua daraja wala kilo. Django haitalalamika kwa hilo, kwa sababu raw() inadai ufunguo wa msingi peke yake. Safu nyingine yoyote usiyoitaja huahirishwa, na pale kiolezo kitakapoigusa, Django itarudi kwenye hifadhidata kuifuata, mstari mmoja baada ya mwingine. Ukiwa na wakulima elfu mbili na kiolezo chenye m.daraja, umetuma kweri (maombi kwa hifadhidata) elfu mbili za ziada bila kuandika hata moja.

Washa DEBUG kwenye kompyuta yako (si kwenye seva ya kazi), fungua ukurasa, kisha hesabu vilivyomo ndani ya connection.queries. Nina hakika utaona kitu.

#3 Kamwene_Dev

Kamwene wakuu. Naongezea kwa dada wa #2, kwa sababu naona tundu la pili ambalo ni kubwa zaidi. Mtoa mada ameunganisha jedwali la mkulima na kuchukua k.jina, akidhani kwamba sasa m.mkulima.jina itakuwa tayari. Haitakuwa. Safu ya ziada inayotoka kwenye raw() hubandikwa kwenye kitu cha modeli (darasa la Python linalowakilisha jedwali) kama sifa ya kawaida, yaani m.jina, lakini kitu cha mkulima chenyewe hakijajazwa. Ukiandika m.mkulima.jina kwenye kiolezo, Django itakwenda kumtafuta mkulima upya, ingawa jina lake limo ndani ya jibu ulilokwisha kulipokea.

Kwenye ORM ya kawaida hili hutibiwa kwa select_related(), lakini raw() haina select_related(). Inayo prefetch_related(), na hiyo ndiyo ningeanza nayo.

#4 MzeeWaMakambako

Vijana, nawasoma kwa makini. Ila msikimbilie kuhesabu kweri kabla ya kuuliza anagawaje kurasa. Kama ripoti ina kurasa na yeye anakata kipande cha mistari ishirini kutoka kwenye raw(), ukataji huo haufanyiki ndani ya hifadhidata. Django huleta mistari yote kisha inakata upande wa Python. Kwenye kweri ya kawaida kipande hicho hugeuzwa kuwa LIMIT na OFFSET. Kwenye raw() hapana, mpaka uandike LIMIT mwenyewe. Kwenye psql mtu huona skrini ya kwanza, anaridhika na kusema imejibu mara moja.

Na kwa huyo mwenzako anayetaka SQL iondolewe yote: karatasi ya Codd kuhusu modeli ya uhusiano ilitoka mwaka 1970, Chamberlin na Boyce wakaitambulisha lugha yenyewe wakiwa IBM mwaka 1974, na ikawa kiwango cha ANSI mwaka 1986. Fremuweki nilizojifunza ujanani nyingi hazipo tena. SQL niliyoiandika wakati huo bado inafanya kazi.

#5 Mwanjelwa_Backend

Shikamoo mzee. Hoja ya #4 ni ya kweli, lakini mimi naona sababu nyingine kabisa. PostgreSQL ikiitayarisha kweri yenye vigezo, mara tano za kwanza hutengeneza mpango wa utekelezaji mahususi kwa thamani ulizoipa; baada ya hapo huweza kuhamia kwenye mpango wa jumla usiojali thamani. Kwenye psql umeandika tarehe moja kwa moja ndani ya SQL, kwenye Django umepitisha %s. Mpango unaweza kuwa tofauti kabisa. Kuanzia PostgreSQL 12 kuna mpangilio wa plan_cache_mode kwa ajili ya tatizo hilohilo. Jaribu kuuweka force_custom_plan uone.

#6 BintiRungwe

Kaka wa #5, maelezo yako ni sahihi kwa mtu wa Java anayetumia Hibernate (ORM ya Java), kwa sababu kiendeshi (programu inayounganisha msimbo na hifadhidata) cha JDBC cha PostgreSQL huanza kutayarisha kweri upande wa seva baada ya kuitumia mara tano. Hapa hayatoshi. Psycopg2, kiendeshi cha Python ambacho miradi mingi ya Django bado inakitumia, huviingiza vigezo ndani ya SQL upande wa programu, kwa kuviwekea alama salama, kisha hutuma maandishi yaliyokamilika. Seva haioni kigezo chochote, inaona tarehe tu, sawasawa na psql. Mtoa mada atuambie kwanza anatumia kiendeshi gani.

#7 Mwanjelwa_Backend

Nimekuelewa dada, asante. Nilikuwa na mfumo wetu wa Java kichwani, na huko nimeliona kwa macho yangu. Hata hivyo naomba hoja ibaki mezani mpaka atakapotaja kiendeshi.

#8 Mlowo_Takwimu

Mimi naangalia upande wa takwimu za hifadhidata. Msimu wa kahawa unapofunguliwa, jedwali la mapokezi huvimba ndani ya majuma machache. PostgreSQL huchagua mpango kwa kutegemea takwimu zilizokusanywa na ANALYZE, na ile ya kujiendesha huamka pale mistari iliyobadilika inapozidi 50 pamoja na asilimia kumi ya jedwali. Jedwali likiwa limebeba misimu mingi iliyopita, asilimia kumi ni mistari mingi sana, kwa hiyo mpangaji anaweza kuamini kwamba msimu huu una mistari michache wakati kuna maelfu. Hapo atachagua njia mbaya, iwe ni SQL yako au ya ORM.

Pia hakikisha kuna faharasa (index) juu ya mkulima_id pamoja na muda. DISTINCT ON bila faharasa hiyo inalazimika kupanga jedwali zima.

#9 MzeeWaMakambako

Hilo la faharasa ni la msingi. Ila, kaka wa Mlowo, kama tatizo lingekuwa takwimu, hata psql ingekuwa nzito, na mtoa mada amesema si nzito.

#10 Kibena_Data

Naomba niingie na kisa cha kwetu Njombe, kwa sababu hakijatajwa na kinamhusu kila mwenye ripoti ya tarehe.

Tuna mfumo wa mizani ya viazi. Malori mengi hupimwa usiku ili yafike sokoni alfajiri. Ripoti ya siku ilikuwa ikitolewa na ORM kwa TruncDate, na hesabu zilikuwa sawa. Mwenzetu mmoja akaibadilisha kuwa SQL ghafi yenye date_trunc('day', muda), kwa nia njema kabisa ya kuongeza kasi. Tangu hapo mhasibu akawa analalamika kwamba mzigo wa usiku unahamia siku iliyotangulia.

Sababu ni hii: Django, ikiwa USE_TZ (mpangilio wa ukanda wa saa) imewashwa, huweka muunganisho wake na PostgreSQL kwenye saa za UTC. TruncDate hugeuza muda kuwa wa eneo lako kabla ya kukata siku; date_trunc uliyoiandika mwenyewe haigeuzi chochote. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo lori lililopimwa saa nane usiku wa tarehe 12 lilihesabiwa tarehe 11, na ndivyo ilivyo kwa kila kilichopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Mchana hakuna kosa lolote, ndiyo maana majaribio yote yaliyofanywa ofisini yalifaulu. Dawa yake ni kuandika date_trunc('day', muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam').

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu mjadala umeelemea kwenye kasi, wakati jibu lisilo sahihi linalotoka haraka linamlipa mkulima pesa isiyo yake.

#11 Kamwene_Dev

Watu wa Njombe, hata uzi wa SQL mmeufikisha kwenye mizani ya viazi! Lakini umesema jambo zito. Na mtoa mada ana WHERE m.muda >= %s; aangalie tarehe ya kufungua msimu anaipitisha ikiwa na ukanda wa saa au haina.

#12 Ipogolo_PHP

Nami natoka upande wa Laravel (fremuweki ya PHP), Iringa mjini. Tofauti zenu na zetu ni ndogo. DB::select() hurudisha vitu vya kawaida ambavyo si modeli, kwa hiyo mahusiano hayapo kabisa na hakuna kweri za siri. Ukitaka modeli kutoka kwenye SQL ghafi, tumia fromQuery().

Hatari yetu iko kwingine. Modeli yenye ufutaji laini (rekodi hubaki, ila huwekewa tarehe ya kufutwa) huongeza yenyewe sharti la deleted_at kuwa tupu katika kila kweri. SQL ghafi haijui sharti hilo. Niliwahi kuikagua orodha ya malipo ambamo wanachama waliokwisha kuondolewa walirudi kwa sababu aliyeandika DB::select() hakukumbuka kuongeza sharti hilo. Kwa hiyo nakubaliana na mwenzake mtoa mada kwa sehemu: ORM hubeba kanuni za biashara ambazo huzioni mpaka uziache nyuma.

#13 Mwanjelwa_Backend

Hata Django iko hivyo. Ukituma UPDATE ghafi, save() haiitwi, ishara za post_save hazipigwi, na safu yenye auto_now (inayojiandikia muda wa mabadiliko) haibadiliki. Ndiyo maana kwa kubadilisha data mimi nashauri update() ya ORM, nayo SQL ghafi ibaki kwa kusoma tu.

#14 Mlowo_Takwimu

Marekebisho madogo kwa #13: update() ya ORM nayo haiiti save(), haipigi ishara, wala haigusi auto_now. Nayo hutuma UPDATE moja kwa moja kwenye hifadhidata. Tofauti yake na SQL ghafi katika jambo hilo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

#15 BintiRungwe

Sahihi kabisa. Na kwa wanaotumia SQLAlchemy (ORM nyingine ya Python) kuna jambo jingine: kikao chake hukumbuka vitu ulivyokwisha kuvisoma. Ukituma UPDATE kwa text() na bado unashika kitu cha zamani mkononi, utaendelea kuona thamani ya zamani mpaka uite refresh() au expire_all(), au muamala ufungwe.

#16 Wanging_ombe_Girl

Hamjambo. Ninasoma MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) mwaka wa tatu na ninafanya mradi wa orodha ya wakulima wa parachichi. Mimi niliandika SQL yangu kwa kuunganisha maandishi, f-string ya Python, na inafanya kazi kwa wilaya zote isipokuwa ya nyumbani kwetu. Nikichagua Wanging'ombe, PostgreSQL inasema kuna kosa la sintaksia. Je, hili linahusiana na ORM?

#17 MzeeWaMakambako

Mwanangu, swali lako ni la maana kuliko mengi yaliyotangulia. Halihusiani na ORM. Linahusiana na usalama wa data za watu. Jina la wilaya yenu lina alama ya king'ong'o, na alama hiyohiyo ndiyo inayofunga maandishi ndani ya SQL. Hifadhidata iliposoma WHERE wilaya = 'Wanging'ombe', iliona maandishi 'Wanging' yamefungwa, kisha ikakutana na ombe ambayo haiielewi. Jina la halali limeivunja kweri yako bila nia mbaya. Mtu mwenye nia mbaya angeandika kitu kirefu zaidi baada ya alama hiyo, na hifadhidata ingekitekeleza.

Usijaribu kuirudufu alama kwa mkono. Andika WHERE wilaya = %s, bila kuizungushia %s alama za kunukuu, kisha pitisha jina kwenye orodha ya vigezo. Kazi ya kulinda alama ni ya kiendeshi.

#18 Kibena_Data

Nyongeza tatu kwa binti, kwa sababu wengi huishia kwenye %s na kudhani wamemaliza. Kwanza, ukiwa na vigezo na pia unataka alama ya asilimia yenyewe, kama kwenye LIKE, lazima uiandike mara mbili, %%. Pili, jina la jedwali au la safu haliwezi kupitishwa kama kigezo. Ukimruhusu mtumiaji kuchagua safu ya kupangia, linganisha chaguo lake na orodha uliyoiandika mwenyewe. Tatu, orodha ya wilaya kwenye IN: psycopg2 inakubali uipe tuple, lakini psycopg ya toleo la 3 haikubali, hapo andika = ANY(%s) na uipe list.

#19 Wanging_ombe_Girl

Asanteni sana mzee na kaka. Imekubali.

#20 FundiWaVwawa

Nawashukuru wote. Nimerudi na majibu.

Kiolezo changu kinaita m.mkulima.jina, m.mkulima.kijiji.jina na m.daraja. Kwa kila mstari zinatoka kweri tatu, kama #2 na #3 walivyosema. Kiendeshi ni psycopg2, kwa hiyo hoja ya #5 naiweka kando. Sijagawa kurasa. Nimeongeza m.daraja kwenye SELECT, nikaweka prefetch_related('mkulima__kijiji'), na sasa ukurasa mzima unatoka kwa kweri tatu tu. Ripoti imekuwa nyepesi kweli.

Ila mambo mawili yananisumbua. Ile ya ORM ya mwanzo ilikuwa na select_related() tangu zamani, hivyo uzito wake haukutokana na kweri za siri. Na hata sasa, asubuhi ya kwanza ya wiki, ripoti hufunguka polepole mara ya kwanza, kisha huwa sawa siku nzima.

#21 Mlowo_Takwimu

Hiyo ya asubuhi ni kache. Kurasa za jedwali hazimo kwenye kumbukumbu, zinasomwa kutoka diskini. Endesha EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mara ya kwanza na ya pili, ulinganishe zilizosomwa na zilizokutwa. Angalizo kwa wasomaji wengine: EXPLAIN ANALYZE huitekeleza kweri kikweli, kwa hiyo kwa UPDATE au DELETE anza na BEGIN na umalizie na ROLLBACK.

#22 Ipogolo_PHP

Au seva ndogo iliyozimwa wikiendi. Au nakala rudufu ya usiku inayochelewa kumaliza. Mimi nisingekimbilia kache kabla ya kuangalia ratiba ya kazi za seva.

#23 Kamwene_Dev

Na umbali je? Kama programu iko ofisini Vwawa na hifadhidata iko kwenye seva ya nje ya nchi, kila kweri inalipia safari ya kwenda na kurudi. Hilo lingeeleza kwa nini kweri elfu kadhaa ndogo zilikuumiza kiasi hicho, na pia uzito wa asubuhi wakati ofisi nzima inaingia mtandaoni kwa pamoja.

#24 BintiRungwe

Kuhusu ORM yako ya mwanzo, ningependa kuona SQL iliyokuwa ikiitoa, chapisha str(queryset.query). Django ina Subquery na OuterRef tangu toleo la 1.11, na Window tangu 2.0. Kama aliyeiandika alitumia Subquery mbili, moja ya mapokezi ya mwisho na nyingine ya jumla, hifadhidata ilikuwa inalipitia jedwali upya kwa kila mkulima. Kuna uwezekano ripoti yako ingeandikika vizuri bila SQL ghafi, kwa maana distinct() ya Django kwenye PostgreSQL inakubali majina ya safu na inatoa DISTINCT ON ileile.

#25 MzeeWaMakambako

Dada, inawezekana, lakini nani ataisoma mwaka ujao? Mhasibu wa takwimu anaweza kuisoma SQL ya #1 na kuikosoa. Mlolongo wa annotate() wenye Window ndani ya Subquery hawezi.

Njia ninayoitumia mimi ni ya katikati: SQL inakaa kwenye VIEW (kweri iliyohifadhiwa na kusomwa kama jedwali) ndani ya hifadhidata, inaundwa na RunSQL kwenye uhamishaji (migration) ikiwa na reverse_sql yake ya kuiondoa, kisha modeli ya Django yenye managed = False inaisoma. Unapata filter(), unapata kugawa kurasa kwa LIMIT halisi, unapata hata select_related() ukiutangaza ufunguo wa kigeni. Mwaka 2016 Mbozi ilipohamia mkoa mpya wa Songwe, ripoti zetu za mkoa zilirekebishwa mahali pamoja tu, ndani ya VIEW, bila kugusa msimbo wa Python.

#26 BintiRungwe

Mzee, VIEW hiyo haipokei kigezo. Sharti la muda >= tarehe ya msimu lazima liingie ndani, kabla ya SUM kuhesabiwa; ukilichuja kwa nje, jumla itakuwa ya misimu yote. Kwa ripoti hii mahususi utalazimika kuwa na safu ya msimu kwenye mapokezi na kuiweka kwenye PARTITION BY na kwenye DISTINCT ON, la sivyo mkulima atalipwa kwa jumla isiyo ya mwaka huu.

#27 FundiWaVwawa

Safu ya msimu ipo kwenye jedwali, karani huichagua anapofungua siku. Nitaijaribu VIEW ya mzee kwa masharti ya dada, na nitaiandika upya ile ya ORM kwa distinct() ili nizilinganishe zote tatu kwenye data ileile, asubuhi ya kwanza ya wiki kabla mtu mwingine hajaingia. SQL iliyokuwa ikitolewa na ORM nitaibandika hapa jioni nikiwa kwenye kompyuta ya ofisini.